Kompyuta ambayo shangazi hakununua

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, lakini itabidi isubiri kidogo. Kuna jambo limenikaa kooni wiki nzima na leo nataka kulitema.

Jumanne iliyopita, mwendo wa saa mbili usiku, shangazi yangu alinipigia simu kutoka Bungoma. Ni mwalimu mstaafu, amefundisha shule za msingi zaidi ya miaka 30, na si mtu wa kupapatika. Lakini usiku ule sauti yake ilikuwa chini, kama mtu anayeongea akiwa matangani.

"Mwanangu, uko peke yako?"

"Niko peke yangu, shangazi."

"Basi nisikilize, na usimwambie mtu. Nimeibiwa, na mwizi nimemfungulia mlango mimi mwenyewe."

Kisa chenyewe ni hiki. Jioni ile alikuwa amepata barua pepe ikimshukuru kwa kununua kompyuta ya mkononi ya shilingi 94,500 kutoka duka moja kubwa la mtandaoni. Nembo ya duka ilikuwepo. Nambari ya oda ilikuwepo. Hata siku ya mzigo kufika Nairobi ilikuwepo. Chini kulikuwa na kitufe chekundu: kama si wewe uliyenunua, bonyeza hapa ughairi kabla ya saa 24 kuisha.

Shangazi hajawahi kununua kompyuta, lakini duka hilo analijua. Mwaka jana alinunua huko taa ya sola na viatu vya mjukuu. Akabonyeza. Ukurasa ukafunguka, ukamwomba nambari ya kadi ya benki ili "arudishiwe pesa zake", tarehe ya kadi kuisha, na zile tarakimu tatu za nyuma. Dakika hiyohiyo ujumbe wa benki ukaingia kwenye simu, una nambari ya uthibitisho. Akaiandika pale palipoombwa. Ukurasa ukamjibu: asante, oda imeghairiwa.

Alipoangalia salio baadaye, shilingi 38,400 zilikuwa zimeondoka. Zilikuwa pesa za mbolea na mbegu.

Nilimwambia akate simu yangu apigie benki papo hapo, kwa nambari iliyoandikwa nyuma ya kadi, wafunge kadi. Wakaifunga. Asubuhi nikapanda matatu Kitale: Kiminini, Kamukuywa, Webuye, hadi Bungoma, na njia nzima nilikuwa najiuliza nitamwambia nini.

Aibu kuliko hasara

Nilidhani tutaongea kuhusu pesa. Yeye aliongea kuhusu aibu. "Miaka 30 nawaambia watoto wasome swali vizuri kabla ya kujibu," akasema. "Leo mimi ndiye sikusoma swali." Watoto wake hajawaambia. Polisi hataki kwenda, kwa sababu afisa atauliza, mtu kwenye foleni atasikia, na Jumapili kanisani itakuwa habari.

Mimi sikubaliani kwamba hakusoma swali. Alilisoma vizuri sana. Shida ni kwamba swali lenyewe lilitungwa ili anayelisoma vizuri ndiye aanguke. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo, na najua baadhi yenu mtaipinga.

Chambo si tamaa

Wizi huu wenyewe huitwa fishingi, neno la Kiingereza la kuvua samaki lililogeuzwa tahajia. Lilianza kusikika miaka ya 1990 huko Marekani, wakati wahuni walipokuwa wakiwavua wateja wa kampuni ya AOL maneno yao ya siri. Kwetu tumezoea kuwaeleza watu kwamba chambo ni tamaa: umeshinda bahati nasibu, kuna mwana wa mfalme ana dola milioni, tuma ada ndogo. Kwa hiyo mtu akiibiwa tunamcheka. Alitaka vya bure, sivyo?

Lakini barua ya ununuzi ambao hukufanya haikuahidi kitu. Inakutuhumu. Inasema umetumia pesa ambazo hukutumia, na inakupa nafasi ya kusema hapana. Anayekimbilia kusema hapana si mroho. Ni mtu mwaminifu asiyetaka kubeba deni lisilo lake. Mwizi hakuhitaji shangazi awe mjinga. Alihitaji awe mtu wa kulipa madeni yake kwa wakati na mwenye hofu ya kudaiwa asichokula. Bungoma nzima imejaa watu kama hao.

Na kama unadhani ni mambo ya wazee, sikiliza hii. Kati ya 2013 na 2015 raia mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alijifanya kampuni ya Taiwan inayoitwa Quanta Computer, inayouza mitambo kwa makampuni makubwa. Yeye na wenzake wakawa wanatuma ankara bandia. Waliolipa walikuwa Google na Facebook, na zilizopotea zilizidi dola milioni 100. Alihukumiwa miaka 5 jela huko New York mnamo Desemba 2019. Google! Kampuni inayotuchujia barua taka sisi wote! Kwa hiyo tafadhali, mwacheni shangazi yangu.

Alama tulizofundishwa zimechakaa

Nikiwa chuoni tulifundishwa jinsi ya kuitambua barua ya uongo. Wengi wenu mmefundishwa hivyohivyo. Wacha nipitie alama moja moja.

1. Makosa ya lugha. Zamani barua hizi ziliandikwa kwa Kiingereza cha kubahatisha, ukacheka ukafuta. Siku hizi programu za akili bandia zinaandika Kiingereza safi kuliko changu, na Kiswahili pia zinajaribu. Makosa yakiwepo, vizuri, futa. Yasipokuwepo, hujajua chochote.

2. Jina la mtumaji. Itifaki ya kutuma barua pepe, SMTP, iliandikwa mwaka 1982, enzi ambazo watumiaji wa mtandao walikuwa wachache na karibu wanajuana. Yenyewe haiulizi kama mtumaji ni yule anayejiita. Ni kama bahasha: nyuma unaweza kuandika jina la chifu na posta ikaipeleka. Baadaye ziliongezwa mbinu za ukaguzi, SPF, DKIM na DMARC, na tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawalazimisha wanaotuma barua kwa wingi wazitumie. Zimesaidia. Lakini zinathibitisha tu kwamba barua imetoka kwenye jina la kikoa fulani, hazisemi kama mwenye kikoa hicho ni mtu mwema. Mwizi naye anaweza kununua kikoa chake na kukipanga vizuri kabisa.

3. Kufuli kwenye kivinjari. Kufuli ilimaanisha mazungumzo yamefichwa njiani, basi. Vyeti vya kufuli vinapatikana bure kwa yeyote, mwizi akiwemo. Google wenyewe waliiondoa ile picha ya kufuli kwenye Chrome ya kompyuta mwaka 2023, kwa sababu watu waliidhania kuwa muhuri wa uaminifu.

4. Anwani ya kiungo. Hii bado ina maana, ila watu husoma upande usio. Anwani husomwa kutoka nyuma, yaani kutoka kwenye mkwaju wa kwanza ukirudi kushoto. Tuseme umeona dukalako.co.ke.ghairi-oda.net. Hiyo si ya dukalako hata kidogo. Mwenyewe ni ghairi-oda.net, yale mengine mbele ni mapambo. Sasa mwambie mtu asome hivyo kwenye kioo cha simu kinachoonyesha nusu ya anwani, jua linawaka, na saa 24 zinahesabiwa.

Halafu kuna ile inayonitisha zaidi. Wezi wamekuwa wakifungua akaunti za PayPal na kutuma ankara kupitia PayPal yenyewe. Barua inatoka kweli kwenye seva za PayPal. Mtumaji ni wa kweli, ukaguzi wote unapita, viungo ni vya kweli. Uongo uko kwenye sehemu ya maelezo tu: "Umetozwa dola 499. Kama si wewe, piga nambari hii." Ukipiga, anapokea mtu mpole sana, anakuomba uweke programu ya kuiongoza kompyuta yako kutoka mbali ili "akusaidie kughairi". Hapo umekwisha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Nitaitambuaje?", siku hizi namjibu ukweli: mara nyingine hutaitambua. Hata mimi.

Hii tunaijua tayari

Cha ajabu ni kwamba Wakenya tumeshaujua mchezo huu, ila kwa upande wa pili. M-Pesa ilianza Machi 2007, na haikuchukua muda mrefu tukaanza kupata arafa za uongo: umepokea shilingi 3,500 kutoka kwa fulani. Kisha simu inalia. "Boss, nimetuma kwa makosa, ni pesa za hospitali, nirudishie tafadhali." Ukirudisha, umetoa pesa zako mwenyewe, kwa sababu hakuna kilichoingia.

Pesa ambayo hukupokea, na ununuzi ambao hukufanya. Ni kitu kimoja kimepinduliwa. Zote mbili zinakuonyesha karatasi ya tukio ambalo halikutokea, kisha zinakuharakisha urekebishe.

Na dawa ya ile ya M-Pesa kila mama mboga wa Kitale anaijua. Hasomi ule ujumbe mara mbili kutafuta makosa. Anaangalia salio lake. Salio halijabadilika, basi hakuna pesa iliyoingia, na mpigaji aendelee kulia. Akibembelezwa sana anasema, "Wapigie Safaricom warudishe." Anajua kuna njia rasmi: aliyetuma kwa makosa kweli anapeleka ujumbe wake wa M-Pesa kwenye 456 na kuomba pesa zirudishwe.

Mama mboga hana shahada ya kompyuta, lakini kanuni yake ni bora kuliko zote nne nilizofundishwa. Hachunguzi karatasi aliyoletewa. Anakwenda kuangalia kwenye daftari lake.

Kanuni moja tu

Basi hiyo ndiyo ninayowaombeni muwafundishe wazazi wenu, badala ya orodha ndefu wanazosahau: usiingie kwa mlango ulioletewa, ingia kwa mlango wako.

Barua ikisema umenunua kitu, iache hapo. Usibonyeze kitu ndani yake, usipige nambari iliyo ndani yake, usiijibu, usifungue kiambatisho. Fungua programu ya duka uliyo nayo kwenye simu, au andika anwani ya duka kwa mkono, kisha angalia oda zako. Fungua akaunti ya benki au piga *334# kwa M-Pesa uangalie kama kuna pesa imeondoka. Kama oda haipo na pesa haijaguswa, hakuna ununuzi wa kughairi. Umemaliza. Iripoti kama barua taka, kisha kanywe chai.

Kama oda ipo kweli, au pesa imeondoka kweli, bado barua hiyo huihitaji. Unapiga benki kwa nambari ya nyuma ya kadi, au duka kwa njia zilizo kwenye programu yao. Kanuni inafanya kazi barua ikiwa ya kweli na ikiwa ya uongo, na uzuri wake ni kwamba huhitaji kujua ni ipi.

Nyongeza moja: hakuna pesa ya kurudishiwa inayohitaji tarakimu tatu za nyuma ya kadi na nambari ya uthibitisho. Hivyo viwili ni vya kulipa. Ukiombwa, unalipa, hata ukurasa useme nini.

Ukishaingia tayari

Usipoteze dakika kwa kujilaumu. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

- Piga benki wafunge kadi. Kama ni M-Pesa, wapigie Safaricom. Wao wametangaza kwa miaka kwamba huwapigia wateja kutoka nambari moja tu, 0722 000 000, kwa hiyo mwingine akikupigia "kukusaidia", mkatie.
- Kama uliandika neno la siri, libadilishe, kwenye tovuti hiyo na kila mahali ulikolitumia. Anza na la barua pepe, maana ndilo ufunguo wa mengine yote.
- Usifute ile barua. Ni ushahidi. Piga picha za skrini, hifadhi na ujumbe wa benki.
- Nenda polisi, uandikishe, upewe nambari ya OB. Benki huiuliza. Arafa za utapeli, peleka bure kwa 333.

Na sheria ipo. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 kinautaja wizi huu waziwazi: faini hadi shilingi 300,000, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Shangazi alipoisikia aliniuliza, "Kwa hiyo kisheria mimi si mkosaji?" Nikamwambia hapana, wewe ni uliyekosewa. Tukaenda kituoni pamoja mchana huo. Afisa aliandika bila kucheka.

Sasa tujiangalie sisi

Wanaprogramu wenzangu, hapa ndipo mtanikasirikia.

Shangazi alinionyesha ujumbe wa benki. Ulikuwa na nambari ya uthibitisho na onyo: usimpe mtu yeyote nambari hii. Haukutaja shilingi 38,400. Haukutaja jina la anayelipwa. Nikamuuliza, kwa upole, "Shangazi, si walisema usimpe mtu?" Akanitazama kama nilivyokuwa nikitazamwa nikileta kazi ya nyumbani nusu.

"Sikumpa mtu. Niliandika kwenye tovuti. Mtu yuko wapi hapo?"

Nilikosa jibu. Yuko sahihi. Mwanaprogramu aliyeuandika ujumbe ule alikuwa na nafasi ya kuweka maneno saba zaidi: "Unalipa shilingi 38,400 kwa fulani. Usipokubali, usiiandike." Maneno hayo yangemwokoa, kwa sababu shangazi ni msomaji. Aliyemnyima cha kusoma ni sisi.

Na mimi simo? Nimo. Mwaka jana nilimtengenezea mteja mmoja hapa Kitale, anayeuza pembejeo, mfumo wa oda. Mkulima akiagiza, mfumo unamtumia barua pepe na arafa: oda yako imepokelewa, bonyeza hapa kuthibitisha au kughairi. Kiungo nilikifupisha kwa huduma ya kufupisha anwani ili kitoshee kwenye arafa. Nilijivunia sana. Usiku wa Jumatano, nikiwa nimerudi Kitale, niliweka barua yangu kando ya ile ya mwizi kwenye skrini moja. Nembo juu, nambari ya oda, kiasi, kitufe. Yake ilikuwa nzuri zaidi, na kiungo changu kilikuwa cha kutiliwa shaka kuliko chake.

Yaani mimi, kwa mshahara, nimekuwa nikiwafundisha wakulima wa Trans Nzoia kubonyeza viungo wasivyovijua. Mwizi anakuja kuvuna shamba nililolima mimi.

Alhamisi nilimpigia mteja nikamwomba tuviondoe. Alinung'unika kwamba watu watashindwa kughairi. Tukakubaliana hivi: ujumbe unasema tu kuna oda, wa kiasi gani, na "ukitaka kubadilisha, ingia kwenye akaunti yako au piga nambari iliyo kwenye risiti yako". Hakuna kiungo. Nilifuta mistari kama 60 ya programu, na sijawahi kufuta kwa furaha hivyo.

Mtaniambia viungo vinaongeza mauzo. Najua. Mtaniambia mteja hataki kuandika anwani kwa mkono. Najua pia. Lakini kila tunapomrahisishia mteja hatua moja kwa kiungo, tunamrahisishia na tapeli hatua hiyohiyo. Hatuwezi kuweka vitufe kila barua, halafu kwenye bango tuwaambie watu "usibonyeze viungo", halafu wakiibiwa tuseme hawakusoma.

Mwisho wa habari

Benki imesema inachunguza. Hadi leo hakuna shilingi iliyorudi, na mvua za kupanda hazingoji uchunguzi. Tumechangiana mimi na binamu zangu tukanunua mbolea, maana hatimaye alikubali kuwaambia watoto wake.

Jumamosi alikuwa na mkutano wa chama cha akina mama. Aliniambia alisimama akasimulia mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya darasani, na hakuna aliyecheka. Alipomaliza, akina mama wawili wakainua mikono. Mmoja alikuwa ameibiwa vivyo hivyo mwezi uliopita. Mwingine alikuwa na barua ya oda kwenye simu wakati uleule, hajaibonyeza, alikuwa anasubiri mtoto wake afike amsaidie kughairi.

Shangazi alimwambia aifungue programu ya duka aangalie oda zake. Haikuwepo.

Haya. Kama una mzazi, mjomba au jirani mwenye simu, mpigie leo umweleze habari ya mlango wake na mlango wa kuletewa. Na kama wewe ni mwanaprogramu, kafungue ujumbe unaotumwa na mfumo wako, uusome kana kwamba wewe ni shangazi yangu. Maoni yenu nayasubiri hapo chini, hata ya kunipinga. Hifadhidata ni wiki ijayo, Mungu akipenda.